Tupokigwe na Landrova ya Baba Mkwe

Gari likikugomea Tukuyu mjini, watu watakuelekeza gereji ya Mzee Bushiri, kisha watashusha sauti na kuongeza kwamba usimtafute Bushiri mwenyewe. Mtafute yule mama. Yule mama ni Tupokigwe, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, anayefunga kitenge juu ya ovaroli kwa sababu, anasema, ovaroli peke yake humfanya aonekane kama gunia la viazi. Akiinama kwenye injini hataki hadithi. Mteja akianza kumweleza jinsi fundi wa Mbeya alivyosema, humwambia basi arudi kwa huyo fundi wa Mbeya.

Kazi hii hakuisomea popote. Alipokuwa binti alipita gereji akiuza magimbi ya kuchemsha, na siku moja Bushiri, ambaye ana viganja vinene tangu ujana, alishindwa kuifikia nati iliyojificha nyuma ya injini ya lori. Akamwita muuza magimbi. Tupokigwe akatua beseni, akaingiza mkono mpaka kwapani, akaifungua ile nati kwa kupapasa tu. Kesho yake alikuja bila magimbi. Bushiri, ambaye babu yake alitoka Kilwa akaishia huku kwenye baridi kwa sababu anazozijua mwenyewe marehemu, hakumuuliza kitu, alimpa spana. Maneno hayakukosekana mjini. Walisema nani ataoa mwanamke anayenuka dizeli. Akaolewa na Amoni, mwana wa Mzee Anyosisye wa Masukulu, kijana mpole mwenye migomba na chai yake, na wasemaji wakatafuta mada nyingine.

Huyo Mzee Anyosisye ndiye aliyeleta kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya Tupokigwe, ingawa hakumtuma wala hakusema naye neno.

Mzee ni Mnyakyusa wa zile nyumba ambazo mkaza mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Siku hizi wengi wameliacha jambo hili. Utawakuta wakwe wamekaa sebule moja wanatazama mpira. Kwa Mzee Anyosisye halikuachwa. Tangu alipoolewa, Tupokigwe hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni, hakuwahi kuzungumza naye, wala hakulitamka jina lake. Akimsikia anakuja njiani, yeye huyo migombani, mpaka mzee apite. Mzee naye ni muungwana: akijua mkaza mwana yupo karibu, hukohoa mapema, tena kikohozi kirefu, ili ampe nafasi ya kujificha. Upo mlango wa kutokea. Mzee akipenda anaweza kumfungulia mkaza mwana wake kwa kumpa zawadi, na wapo wanaotoa hata ng'ombe. Toka hapo wanaonana kama watu wengine. Mzee Anyosisye hakuwa amefanya hivyo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mgeni angedhani wanachukiana. Wala. Ndiyo heshima yenyewe, na Tupokigwe alilelewa ndani yake. Hakuiona mzigo, isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni asubuhi aliyojifungua binti yake Hellen.

Uchungu ulimkuta huko huko Masukulu, kwa wakwe, alikokuwa amekwenda kusaidia kuvuna maharage. Mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji. Amoni alikuwa Mbeya. Mkunga wa kijiji alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa hospitali, tena upesi. Gari kijijini lilikuwa moja tu: Landrova ya Mzee Anyosisye, ile ndefu ya zamani ya petroli, aliyoinunua kwenye shamba la chai walipokuwa wanaondoa magari yao makuukuu. Na dereva wake alikuwa mmoja tu. Mama mkwe, marehemu Ikupa, hakupoteza muda kubishana na mila. Alifungua kitenge chake cha juu, cha maua ya njano, akakitundika kwa kamba nyuma ya viti vya mbele, akampandisha Tupokigwe nyuma na kukaa naye. Mzee akaingia mbele bila kugeuka. Akaendesha mpaka hospitali bila kugeuka.

Safari ile Tupokigwe anaikumbuka kwa masikio. Upande wa pili wa kitenge mzee alikuwa akiongea na gari njia nzima. "Panda, mama," alisema kila walipofika mlimani na injini ikaanza kulia. "Panda, usiogope. Umeshapita pabaya. Bado kidogo, vumilia, mama." Tupokigwe aliyashikilia maneno yale mpaka wakafika. Hellen akazaliwa mzima na mama yake akabaki mzima. Mzee akageuza gari na kurudi Masukulu kabla mtu hajamwambia asante, na mwenye kustahili kuisema asante hiyo ndiye peke yake asiyeruhusiwa.

Basi akakaa nayo. Alituma kuku, alituma sukari, alimtuma Amoni akaseme kwa niaba yake. Lakini asante ya kutuma haina uzito wa ile ya mdomo wako mwenyewe, na Tupokigwe alilijua hilo. Hellen amekua, sasa anasoma sekondari, na asante ya mama yake bado ilikuwa imemkaa kooni.

Landrova ilikuja kusimama baada ya mazishi ya Ikupa. Injini haikuwa na neno. Kilichokufa ni menifodi, ule mkono wa chuma unaokusanya moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Mvua za Rungwe hazina huruma na chuma. Kutu ilikula, mkono ukapasuka, moshi ukaanza kurudi ndani kwa dereva. Mzee aliendesha huku akikohoa kikohozi kisicho cha heshima, hadi siku alipochoka akaliegesha gari kando ya mparachichi. Kuku wakapata pa kutagia. Mafundi walikuja, wakatazama, wakatikisa vichwa. Menifodi ya gari la umri ule haipo dukani, na ile iliyopo ni ya chuma cha kumimina, ambacho hakiungwi kama unavyounga kitanda. Ukikiunga ovyo, kinapasuka palepale.

Mwaka huu wanunuzi wa chuma chakavu wakaanza kupita vijijini na lori lao. Mzee akamwambia Amoni: wakija tena mwisho wa mwezi walichukue, amechoka kulitazama.

Amoni aliyaleta maneno hayo wakati wa chakula, na Tupokigwe akaweka kijiko chini.

"Lisiende," akasema.

"Baba ameshasema."

"Mwambie kuna fundi anataka kulijaribu kwanza."

"Fundi gani tena? Wote wamelikimbia."

"Unakula naye."

Amoni akajua hapo hapana mjadala. Kesho yake alishuka Masukulu na kurudi na jibu: ajaribu, lakini likishindikana, lori lije.

Tupokigwe alisubiri mzee aende msibani Matwebe, ndipo akaenda kuifungua menifodi. Stadi, zile bolti ndefu zinazoishikiza kwenye injini, zilikuwa zimeshikana na kutu kabisa. Alikuwa ameshamwagiza Amoni azinyweshe dizeli iliyochanganywa na oili ya breki kila jioni. Sasa akawa anapasha kidogo, anagonga kidogo, anazungusha mbele, anarudisha nyuma. Ukilazimisha stadi inakatikia ndani, na hapo umejiongezea msiba. Moja ilikatika, akaitukana kwa Kinyakyusa na kuendelea. Menifodi ilipotoka ilikuwa nyekundu kama tofali na inabanduka magamba. Aliibeba mwenyewe mgongoni hadi barabarani, kwa kitenge, na abiria wenzake kwenye pikapu ya mizigo walidhani amebeba mtoto mgonjwa.

Gereji, aliitumbukiza kwenye pipa la maji ya magadi, akaunganisha waya wa chaja ya betri kwenye menifodi na mwingine kwenye bamba la chuma lisilo na kazi, akawasha. Maji yakaanza kutoa mapovu madogomadogo. Kutu ikavimba, ikalegea, ikaanza kuanguka kama masizi. Alipoitoa na kuisugua kwa brashi ya waya, chuma cha kijivu kikaonekana, kizuri kabisa, na juu yake ufa, kutoka sikio la kwanza la bolti mpaka karibu na katikati.

Bushiri aliupitisha ukucha kwenye ufa. Mzee huyu sasa mikono inamtetemeka na anasema anapochomelea anaona miali miwili, lakini kichwa chake kiko palepale.

"Sikiliza, mwanangu. Chuma hiki kinaogopa baridi kuliko mimi. Utakipasha chote kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, si mahali pa ufa tu. Utaunga kwa gesi, na badala ya waya wa duka utayeyusha ringi za pistoni za zamani, maana nazo ni chuma cha ukoo huohuo. Ukimaliza tu, hapohapo unakizika kwenye sanduku la majivu ya pumba. Hapohapo. Kipoe taratibu mpaka kesho. Upepo ukikigusa, umekwisha."

Majivu walikuwa nayo, ya pumba za mpunga zinazopandishwa kutoka Kyela, meupe na mepesi. Tupokigwe akajaza sanduku. Akatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, akaupanua kwa tupa uingie chuma kipya, na Ijumaa akawasha mkaa.

Kazi ilimkubali. Menifodi iliiva vizuri, chuma cha ringi kikayeyuka na kujaa ufani bila kububujika. Bushiri alisimama karibu mpaka adhana ya Ijumaa ilipoanza, akaona hakuna kilichobaki zaidi ya kuzika, akachukua kofia yake akaenda kuswali. Tupokigwe alizima gesi. Akaikamata menifodi kwa koleo, akainyanyua kuelekea kwenye sanduku.

Getini mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, cha taratibu.

Miguu iliamua kabla ya kichwa. Miaka yote ile ya kuingia migombani haikumuuliza mtu ruhusa. Tupokigwe aliiweka menifodi juu ya benchi la saruji lililo wazi uani, akajikuta yuko nyuma ya rundo la matairi, amechuchumaa, koleo bado mkononi.

Mzee Anyosisye aliingia. Alikuwa amekuja mjini kununua dawa ya kuku na akaona si adabu kupita bila kumjulia hali fundi wake wa zamani. "Hodi, Bushili!" aliita. Mzee hana r; kwake gari ni gali, na Bushiri ni Bushili mpaka kesho. "Hodi hapa!" Hakuna jibu. Sasa mtu mwingine angeondoka. Mzee Anyosisye, kwa malezi yake, hawezi kuondoka kwa mtu bila kusalimia, basi akasimama kungoja. Akakitazama kile chuma chekundu juu ya benchi kwa furaha ya mtu anayeona mgonjwa wake amekaa kitandani. Ukungu ukashuka. Kisha manyunyu, yale ya Tukuyu ambayo hayana muda wala taarifa.

Nyuma ya matairi Tupokigwe aliyasikia matone yakigusa chuma, tss, tss. Alijua angetakiwa kufanya nini. Ilikuwa hatua chache tu. Angeweza hata kupiga kelele: kifunike! Lakini hiyo sauti yenyewe mzee hakuwahi kuisikia, na yeye hakuwahi kuitoa mbele yake, na haikutoka. Akajifunika mdomo.

Menifodi ikalia mara moja. Tik.

Mzee aliona mvua inazidi, akaacha kichane cha ndizi mbivu juu ya benchi, zawadi ya mwenyeji asiyekuwepo, akaenda zake. Tupokigwe alipotoka alikuta ufa mpya kando ya ule wa zamani, mrefu kuupita. Alikaa chini kwenye vumbi la mkaa na kulia, tena kwa sauti. Alilia kwa hasira ya kujiona mjinga. Kwamba heshima aliyompa mzee ndiyo iliyoivunja zawadi aliyotaka kumpa.

Bushiri aliporudi msikitini alikitazama chuma, akazitazama ndizi, akamtazama Tupokigwe na utando wa buibui wa kwenye matairi uliomganda kichwani.

"Nani alikuja?"

"Mwenyewe," alisema Tupokigwe, maana jina hawezi kulitaja. "Wa Masukulu."

Bushiri alikaa juu ya kopo la rangi. Huwa ana mzaha kwa kila jambo, lakini siku hiyo aliuweka pembeni. "Sisi nasi tuna mambo yetu, sikulaumu," alisema. "Ila nakwambia ukweli, chuma hiki kitakubali mara moja tu zaidi. Kikipasuka tena hakuna pa kushika."

"Mara moja inatosha."

"Na akija tena?"

Tupokigwe alijifuta uso kwa kitenge na kuuacha mweusi zaidi. "Akija, sikimbii. Nitaomba radhi baadaye, kwa kuku, kwa mbuzi, kwa chochote atakachotaka. Lakini moto siuachi."

Jioni alimwambia Amoni akamweleze baba yake. Amoni alishtuka. Kumwambia baba asitie mguu mjini kwa sababu ya mkaza mwana? "Usimwambie asije," alisema Tupokigwe. "Mwambie ukweli tu. Mwambie nilikuwepo, na nilikimbia, na chuma kikapasuka." Maneno hayo yalimuuma, kwa sababu yalifanana na kumtupia mzee lawama, na mzee hakuwa na kosa, alikohoa kama anavyopaswa. Lakini aliona afadhali aonekane hana adabu kuliko gari lile likatwe vipandevipande.

Amoni aliporudi alisema baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: moto unawashwa tena lini.

Jumanne ulipowashwa mbingu ilikuwa imeinama. Tupokigwe alikuwa ameukata ufa mpya kwa tupa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Menifodi ikalala kwenye mkaa, ikapoteza ukijivu wake, ikaanza kuwaka. Akavaa miwani, akawasha gesi. Ringi ya kwanza ikayeyuka. Yuko katikati ya ufa, mahali ambapo huwezi kusimama wala kupumzika, kikohozi kikasikika getini.

Magoti yakataka kwenda. Akayakaza. Aliyakaza hasa, kama mtu anayezuia mlango. "Bushiri," alisema bila kuinua macho, "mwambie niko hapa."

"Anajua," alisema Bushiri kwa sauti ya ajabu. "Hebu tazama mwenyewe."

Tupokigwe aliinua macho kwa nukta moja. Mzee Anyosisye alikuwa anaingia getini kinyumenyume. Amevaa koti lake la kanisani, mgongo mbele, fimbo inapapasa njia nyuma yake, na uso ameuelekeza barabarani ambako wapita njia walikuwa wameanza kukusanyika.

"Bushili, niongoze," aliita. "Nisije nikaingia kwenye moto kabla ya siku yangu. Na mwambie fundi asikimbie. Mimi sioni kitu. Naangalia duka la mbolea."

Bushiri alimshika kiwiko na kumleta mpaka karibu na jiko. Walipofika tu manyunyu yakaanza, kana kwamba yaliwafuata. "Nilijua," alisema mzee. "Nipe bati." Bushiri akavuta bati la zamani lililoegemea ukuta, akashika upande mmoja, na mzee, bila kugeuka, akaunyanyua upande wa pili juu ya bega lake. Hivyo ndivyo walivyosimama, wazee wawili, mmoja anatazama moto na mwingine ameupa mgongo, bati juu, mvua ikilia juu yake na kumwagikia koti la kanisani.

Chini ya bati hilo Tupokigwe aliunga. Hakuwahi kuwa karibu hivi na baba mkwe wake. Kwa pembe ya jicho aliona shingo yenye mikunjo, sikio kubwa, kiraka alichokishona Ikupa kwenye kola. Mwali wa gesi ukaanza kuyumba. Aliyaona machozi yanakuja na akayakataa, maana miwani ikiingia ukungu kazi imeharibika.

Hapo mzee akaanza kuongea, taratibu, na hakumtaja mtu.

"Pole pole, mama," alisema kuelekea duka la mbolea. "Usiogope. Umeshapita pabaya. Bado kidogo."

Mwali ukatulia. Ringi ya mwisho ikayeyuka, ufa ukajaa, gesi ikazimwa. Koleo, hatua mbili, sanduku. Tupokigwe alimwaga majivu juu ya menifodi kwa mikono yake mpaka wekundu ukapotea kabisa, akafunika, akalalia kifuniko kwa kifua. Aliponyanyua kichwa mzee alikuwa ameshatoka getini, safari hii akitembea kama watu wengine, na Bushiri amebaki na bati peke yake.

Kesho yake waliifukua. Bushiri alikining'iniza chuma kwa kamba na kumpa Tupokigwe nyundo ndogo. Chuma chenye ufa kikigongwa hujibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Tupokigwe aligonga. Menifodi ikaita, ngaaa, sauti safi iliyodumu mpaka fundi wa baiskeli wa jirani akachungulia. Bushiri akageukia ukutani akijifanya anatafuta spana.

Aliipasha kidogo na kuipaka oili chafu mpaka ikawa nyeusi ya kung'aa, akachonga stadi mpya, akakata kwa mkasi gasketi ya kuziba maungio, na siku iliyofuata akaifunga Masukulu, mzee akiwa amejifungia ndani ya nyumba kwa adabu. Injini ilikohoa, ikapiga chafya, ikashika. Oili iliyopakwa ikaanza kuungua na kutoa moshi wa bluu.

"Linaungua!" ilisikika sauti dirishani.

"Mwambie ni oili tu!" Tupokigwe alimwambia Amoni.

"Ni oili tu, baba!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi!"

Moshi ulipokwisha, gari lilibaki linanguruma vizuri, na kuku wamesimama mbali wakilitazama kwa kinyongo. Ndipo mzee akamtuma Amoni na agizo: fundi ndiye aliendeshe mpaka Tukuyu, yeye atakaa nyuma asikilize. Tupokigwe alinawa mikono. Alipoufungua mlango wa dereva alikuta kitenge kimeshatundikwa nyuma ya viti vya mbele, kwa kamba, kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Maua ya njano yalikuwa yamefifia. Mzee alikuwa amekitunza ndani ya sanduku la vifaa vya gari tangu asubuhi ile ya kuzaliwa Hellen. Amoni alitaka kupanda. Baba yake akamwambia abaki awaangalie kuku.

Wakaondoka. Tupokigwe aliendesha huku akinusa, na hakuna moshi uliorudi ndani. Walipoanza kupanda walipishana na lori la chuma chakavu likishuka, mabati na fremu za vitanda vikigongana nyuma. Dereva wake aliikodolea macho Landrova, na Tupokigwe akampigia honi ndefu isiyo na sababu nyingine zaidi ya raha.

Kwenye mlima mkubwa injini ikaanza kulia. Akashusha gia. Nyuma ya kitenge mzee akasema, "Panda, mama. Panda." Gari likapanda. Walipotokea juu, mahali barabara inapolala katikati ya mashamba ya chai, akasema, "Simama hapa."

Tupokigwe akasimama, akatazama mbele. Alisikia kamba ikifunguliwa, fundo moja, kisha la pili. Mwanga ukaingia kutoka nyuma. Mkono wa mzee ukapita juu ya kiti, na juu ya kiganja kulikuwa na kitenge cha Ikupa, kimekunjwa vizuri.

"Pokea, mwana. Nimekufungulia. Geuka."

Alikipokea kwa mikono miwili, akageuka. Uso ulikuwa mdogo kuliko alivyoudhania miaka yote, na katikati yake ilikaa pua ya Hellen, ileile, haikupungua wala kuzidi. Alikuwa amepanga maneno mengi kwa ajili ya siku kama hii, na yote yakamkimbia.

"Ndaga fijo, tata," alisema. Asante sana, baba. "Ya ile asubuhi."

Mzee alitazama chai nje ya dirisha.

"Siku ile," alisema, "sikuwa naongea na gali."

"Nilijua, tata."

Mzee akakubali kwa kichwa. Kisha akashuka, akazunguka, akaja kukaa kiti cha mbele kando yake, akajiweka sawa na kufunga mlango.

"Haya, twende," alisema. "Nataka Bushili alisikie."